Taa Nyekundu ya Libérata

Kwenye picha ya kitambulisho, Libérata ni mweupe kuliko ndugu zake wote. Uso unang'aa kama uliosuguliwa na nta, midomo imebana kidogo, kama ya mtu anayejua kwamba amependeza na hataki kulisema. Picha hiyo ilipigwa wakati mkorogo ulikuwa bado unamtendea wema. Kila asubuhi pale Petite Barrière, mpaka mdogo ambako Gisenyi inaishia na Goma inaanza kabla hujamaliza kuvuta pumzi, afisa aliitazama picha, kisha akamtazama mwanamke mwenye beseni la karoti kichwani na mtandio uliofungwa hadi chini ya macho, akamwomba aushushe. Libérata aliushusha kwa vidole viwili, akaupandisha tena upesi.

Afisa mmoja kijana, mpenda mizaha, alizoea kumuuliza kama aliye kwenye picha ni mdogo wake. Hakuwa na nia mbaya. Waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na asubuhi ina baridi ya ziwa, na Libérata alicheka nao ndani ya kitambaa. Kisha alivuka, akatembea na karoti zake hadi Birere, mtaa wa biashara upande wa Goma.

Nilimjua kwa sababu nilipanga chumba nyumbani kwa kaka yake, Ildephonse, mwalimu mstaafu wa Mbugangari, katika nyumba ya mawe meusi ambayo mlima wa volkano uliyatapika zamani na watu wakayapanga kuwa kuta. Nilikuja kwa wiki moja nikakaa hadi mvua zikaanza na kwisha. Kaka na dada hawa walizaliwa Masisi, upande wa Kongo, wakaja Rwanda na wazazi wao baada ya mwaka wa tisini na nne. Hadi leo wakigombana hugombana kwa Kiswahili cha kule, na wakipatana wanarudi kwenye Kinyarwanda. Mimi, niliyezoea Kiswahili kingine na kujua Kinyarwanda kidogo, nilijua hali ya nyumba kwa kusikiliza tu ni ipi inayotoka sebuleni.

Libérata alianza mkorogo alipokuwa na miaka thelathini hivi, alipoona kwamba mteja wa Goma akisimama mbele ya wauzaji wawili wenye karoti za shamba moja, anamwita kwanza yule mweupe. Krimu ilikuja katika vikopo visivyo na jina. Mwuzaji alichanganya ya kikopo hiki na ya kile kwa kijiti, akaongeza kitu cha tatu ambacho hakukitaja. Nimeviona vikopo hivyo Brazzaville, nimeviona Kariakoo, na mtaa mmoja wa Brussels wanauzia ndani ya duka la nywele, na kila mahali mwenye duka anavitoa chini ya meza na kukuangalia machoni. Rwanda ilivipiga marufuku, lakini Libérata aliishi nusu ya siku yake upande wa pili.

Miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha uso ukageuka. Mabaka yalitokea kwenye mifupa ya mashavu, meusi yenye rangi ya bluu ndani yake, na ngozi pale ikawa nene kama ya kisigino. Aliacha krimu siku hiyohiyo. Mabaka hayakuacha. Ndipo alipoanza kufunga mtandio, na waliomuuliza aliwaambia kwamba jino linamuuma. Jino hilo liliuma mwaka baada ya mwaka, hadi watu wakaacha kuuliza.

Nilipofika mimi, nyumba ilikuwa na habari moja tu. Umurerwa, binti wa Ildephonse, mfanyakazi wa ofisi ya akiba na mikopo mjini, alikuwa anaposwa na kijana aitwaye Kwizera, na siku ya kuja kumwomba rasmi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya maharage.

Katika ukoo huu siku ile ina mtu wake. Pande mbili huketi chini ya mahema wakitazamana, wasemaji wa familia wanabishana kwa maneno ya kuchekesha, maziwa yananywewa, ng'ombe wanatajwa. Halafu wote wananyamaza, mlango wa nyumba unafunguliwa, na anayetoka mbele, akimshika bibi harusi mkono, ni shangazi, dada wa baba. Hatoki hivihivi. Majuma kadhaa kabla ya hapo huja jioni kumpaka mwali siagi ya ng'ombe, kumkanda, na kumwambia yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Ngozi ya bibi harusi ni kazi ya shangazi. Na siku yenyewe anavaa mshanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda linalofungwa begani, kichwa wazi, uso wazi, mbele ya wakwe wote. Shangazi aliyejifunga uso kama mtu anayekwepa vumbi angewafanya wageni wajiulize familia inaficha nini kingine.

Libérata alimwambia kaka yake atafute mwingine, yeye atapika. Ildephonse alisema hana mwingine, baba yao alizaa binti mmoja tu. Libérata akamtaja Pulchérie, binti wa baba yao mdogo, aliyeuza naye karoti mpakani, mwenye ngozi kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Pulchérie alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili, na wiki hiyohiyo alikwenda kupimwa nguo.

Lakini Ildephonse ni mwalimu, hafuti jina la mwanafunzi mapema. Alimwambia dada yake kwamba mlango uko wazi hadi siku ya mwisho. Na Libérata, ambaye angeweza kukataa kabisa, alijibu kwamba uso ukipona kabla ya siku ile, atatoka na mtoto wa kaka yake. Usipopona, ni Pulchérie. Nilimwona akisema hayo huku akishika mtandio chini ya kidevu kwa mkono mmoja, kama alivyofanya daima, na nikaelewa kwamba hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi ya kutoka kwenye mlango ule.

Jioni moja Umurerwa alikuwa sebuleni na simu yake. Alituonyesha wanawake wa nchi za mbali wamelala vitandani mwao, nyumbani kwao, wamevaa barakoa ngumu zenye taa nyekundu ndani. Maelezo yalisema mwanga ule unatuliza ngozi, unapunguza chunusi, unairudishia ujana. Umurerwa, aliyekuwa na chunusi kidogo za wasiwasi, alikuwa ameagiza moja Kigali. Libérata aliomba kuitazama tena. Kisha mara ya tatu. Akaaga mapema, akarudi nyumbani kwake.

Rangi ile aliijua. Jirani yake, Gakwaya, alifuga vifaranga katika chumba kilichokuwa zamani jiko, na juu yao alining'iniza balbu kubwa nyekundu kwa waya. Kila jioni mwanga wake ulipenya dirishani ukapaka ua wa Libérata rangi ya nyanya. Alikuwa ameona kwa macho yake vifaranga vikiletwa katika boksi, vina manyoya laini tu, dhaifu, na baada ya majuma machache chini ya taa ile vina mabawa na vinapigana. Kitu kinachompa kifaranga manyoya, aliwaza, kitashindwa vipi na ngozi ya mtu? Mwenye kutaka kucheka asiharakishe. Katika miji yenye hospitali za ghorofa nimeona watu waliosoma wakijipaka usoni vitu ambavyo hata Gakwaya asingewapa kuku wake.

Hakumwuliza Gakwaya, kwa sababu Gakwaya angeuliza pia. Alikwenda Mahoko siku ya soko, ambako hakuna aliyeijua hadithi ya jino lake, akamtafuta mwuza vyakula vya kuku na vyombo vya kunyweshea. Mwuzaji alimwuliza ana vifaranga wangapi, maana balbu ndogo ni ya wachache na kubwa ni ya wengi.

"Iko moja tu," Libérata alimjibu. "Na imeisha kuzeeka."

Mwuzaji alicheka sana, akampa ile kubwa.

Aliifunga juu ya kiti chumbani kwake. Kila alipotoka mpakani, aliketi chini yake na kitambaa machoni, kwa kuwa kwenye simu aliona wale wanawake wamefunika macho. Ilikuwa starehe. Mtu anayeshinda akirowana na manyunyu ya Goma hupenda kitu chenye joto, na yeye aliamini joto lile ndilo dawa, kwamba analisikia likiingia. Uso ulilainika kwa jasho, akaona unapona. Akasogeza kiti karibu zaidi. Kaka yake alilalamika kwamba dada hapiti tena jioni, na Umurerwa aliketi na chupa ya siagi isiyofunguliwa, lakini Libérata alituma salamu tu kwamba ana shughuli.

Kisha mashavu yakaanza kuwaka hata taa ikiwa imezimwa. Ngozi ikabanduka. Chini yake mabaka yalikuwa meusi kuliko mwanzo, kana kwamba mtu ameyapitia upya kwa kalamu.

Aliyegundua ni Pulchérie. Alikuja asubuhi kumpitia waende mpakani, akasukuma mlango bila kubisha kama walivyozoea tangu utotoni, akamkuta hana mtandio, ameshika kioo, na ile balbu inaning'inia juu ya kiti. Alitazama balbu, akatazama uso, akatazama balbu.

"Dada," akasema, "sasa we unatafuta kutaga?"

Kabla jua halijapanda, wanawake wote wa karoti pale Petite Barrière walikuwa na habari, na Libérata akapata jina jipya: Kifaranga. Pulchérie si mtu mbaya, ila habari tamu ikikaa kinywani mwake inamwasha. Na ni yeye huyohuyo aliyeacha beseni lake kwa mwenzake, akamshika Libérata mkono, akamburuta hadi kituo cha afya.

Muuguzi aliyewapokea anaitwa Kayitare, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye huongea akiwa anaosha mikono. Libérata alinisimulia baadaye yote aliyoambiwa, na aliyasimulia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. Balbu ya kuku, Kayitare alisema, kazi yake ni joto. Kwa kifaranga joto ni mama, lakini kwa uso wenye mabaka ya namna hii ni kuni. Barakoa za simu za kina Umurerwa ni kitu kingine. Zinatoa mwanga bila moto ule, zinaweza kutuliza ngozi iliyowaka, polepole, kwa mtu mwenye subira, ila hazifuti alama za mkorogo. Kwanza jeraha lipone, bila taa ya aina yoyote. Baada ya hapo, kivuli: kofia pana, na mafuta ya kujikinga na jua, kila siku, hata siku ya mawingu. Kisha akagusa mtandio na kusema jambo ambalo Libérata hakulitegemea. Kitambaa kile, kinachosugua mashavu kutwa nzima juu ya jasho, ndicho kilichokuwa kinayalisha mabaka. Alichokitumia kuyaficha ndicho kilichokuwa kinayakuza.

Libérata alimwuliza swali moja tu, kama yatatoka kabla ya sherehe.

"Yatapungua, mama," Kayitare alimjibu. "Kwisha, siwezi kukuahidi."

Siku hiyo alipita kwa kaka yake, akasimama uani bila kuketi, akasema ni Pulchérie. Alisema kwa Kiswahili.

Barakoa ya Umurerwa ilifika kwa basi la Kigali ndani ya boksi kubwa kuliko yenyewe. Ilikuwa ya plastiki nyeupe, na mkanda wa kufungia nyuma, na ndani yake safu za taa ndogo kama mbegu za komamanga. Alikuwa na hamu ya kuivaa, lakini aliiweka juu ya kabati. Alisubiri hadi Kayitare aliposema jeraha la shangazi yake limefunga na kwamba barakoa haitamdhuru. Ndipo akachukua boksi na chupa ya siagi, akaenda hadi mlangoni kwa Libérata.

Nilikuwa naye, kwa sababu alinibebesha boksi. Alimwambia shangazi kwamba ni aibu, mwali kumfuata shangazi badala ya shangazi kumfuata mwali, na kwamba majirani wanaona. Libérata alisema kazi ile sasa ni ya Pulchérie. Umurerwa alisema Pulchérie mikono yake ni kama msasa na maneno yake yote ni ya soko. Libérata karibu acheke. Kisha msichana alitoa barakoa, akamwita kwa Kinyarwanda, masenge, kama wanavyoita shangazi, na maneno yaliyofuata akayasema kwa Kiswahili cha shangazi yake, ambacho kwa kawaida hukikwepa.

"Masenge, ukivaa hii, hakuna mutu ataona sura yako. Kuja nyumbani. Mi na we, kila mutu zamu yake."

Hivyo ndivyo Libérata alivyorudi jioni za Mbugangari. Mafunzo ya mwali na kukandwa waliyafanya chumbani, mlango umefungwa, na siyajui. Wakimaliza, walitoka sebuleni wakinukia siagi, na mmoja wao akavaa taa huku mwenzake akila. Mara ya kwanza Libérata alipotoka na uso ule wa plastiki unaowaka, Ildephonse alivua miwani, akaifuta, akasema dada yake anafanana na mbingu ya Goma siku ambazo mlima haujalala vizuri.

Libérata alicheka. Na sasa tukamsikia akicheka, maana hakukuwa na kitambaa cha kukimeza kicheko.

Nilichokiona jioni zile si ngozi. Niliona mikono. Kwa miaka yote mkono mmoja wa Libérata ulikuwa na kazi ya kushika mtandio, na mtu mwenye mkono mmoja hasimulii vizuri. Sasa mikono yote miwili ilikuwa huru, na ikatokea kwamba mwanamke huyu, niliyemdhani mnyamavu, alikuwa msimulizi kuliko mtu yeyote niliyemsikia kati ya bahari mbili. Alituletea Masisi nzima sebuleni, kwa Kiswahili cha kule ambacho sasa hakikuwa cha ugomvi: jibini, ukungu, padri aliyeogopa ng'ombe. Barakoa ilikuwa inajizima yenyewe muda wake ukitimia, na ilipozimika alikuwa anainamisha kichwa, anaivua akiwa amegeukia ukutani, na kuvuta mtandio kabla hajageuka. Sisi tulijifunza kutazama sahani zetu.

Kuna jioni moja alianza kusimulia siku alipoposwa yeye mwenyewe na marehemu mumewe. Shangazi aliyepaswa kumtoa, mwanamke mrefu na mwenye makuu, alikuwa ameonja pombe ya ndizi tangu asubuhi ili kujua kama imeiva. Mlango ulipofunguliwa, alijivuta juu, akashika mkono wa msichana aliyekuwa karibu, akatoka naye kwa mwendo wa malkia mbele ya wakwe mia. Msichana hakuwa Libérata. Alikuwa binti wa jirani aliyekuja kusaidia kuosha vikombe.

Hapo barakoa ikalia na kuzimika.

"Ngoja," Libérata alisema. "Ngoja muone vile alifanya."

Kwa sababu hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo maneno hayatoshi. Ilikuwa lazima tuone uso wa yule shangazi, kwanza wenye kiburi, halafu ukigeuka polepole kumtazama msichana, halafu ukimtambua. Libérata alivua barakoa, akaitupa kwenye kochi, akatuonyesha. Nyusi zilipanda, mashavu yakavimba, mdomo ukabaki wazi kama mlango uliosahauliwa. Umurerwa alilia kwa kucheka. Mke wa Ildephonse alishika meza. Msemaji wa wakwe, Libérata aliendelea, alisimama akasema kwamba huyu nao wanamchukua, ila wangependa kuona na yule waliyemletea ng'ombe.

Tulicheka hadi kicheko kikaisha chenyewe, na hapo ndipo Libérata alipojikumbuka. Mkono ulikwenda shingoni. Mtandio haukuwepo, ulikuwa chumbani juu ya kitanda. Aliketi pale chini ya balbu ya kawaida ya sebule, na mabaka yake yote mawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama pembeni.

Ildephonse alijimiminia chai.

"Bon," akasema. "Na ule musichana wa vikombe, aliolewa na nani?"

Libérata akajibu kwamba aliolewa Sake, na mwuza mbao, na akaendelea na hadithi hadi mwisho wake, uso wazi.

Niseme kuhusu uso huo kilicho kweli. Wekundu wa jeraha uliondoka. Ngozi ililainika, na pembe za mabaka zikaanza kufifia kama wino uliolowa, lakini katikati yalibaki. Umurerwa, ambaye chunusi zake zilitulia, aliisifu barakoa. Kayitare aliisifu kofia. Maana Libérata alikuwa amenunua kofia ya majani yenye ukingo mpana kama sinia, na mpakani walikuwa wameanza kumwita Madame Mtalii badala ya Kifaranga. Ile balbu kubwa ilirudi kwenye kazi yake: Gakwaya alimwuzia boksi la vifaranga, akamfundisha kuining'iniza kwa urefu unaofaa, na hakumwuliza kitu, jambo ambalo kwa jirani ni heshima kubwa.

Sherehe ilipokaribia, nguo ya Pulchérie ilikuwa imekwisha, ya rangi ya dhahabu, na aliitangaza foleni nzima. Asubuhi moja wakiwa wamesimama na mabeseni yao, Libérata alimwambia kwamba nguo ile ni nzuri na aivae, lakini atatembea nyuma. Pulchérie alikuwa ameuota mlango ule kwa miezi. Alitaka kujua tangu lini mtu mzima anatembea nyuma ya Kifaranga.

"Tangu kuku alikomala," Libérata alisema. "Vifaranga ndiyo vinatembeaka nyuma."

Wanawake wa foleni walipiga makofi. Pulchérie alinuna hadi Birere, na waliporudi jioni alikuwa ameshakubali, na ameshaanza kusimulia kwamba ni yeye aliyemshauri.

Siku ilipofika niliketi upande wa bibi harusi, nyuma, kati ya majirani. Upande wa Kwizera ulikuja na msemaji wao, mzee Nshuti wa Mahoko, aliyekulia Karagwe, Tanzania, ambaye hupenda kuingiza Kiswahili chake kilichonyooka katikati ya Kinyarwanda ili kuwaheshimu watu wa Kongo. Alibishana na msemaji wetu hadi maziwa yakaisha kwenye vyungu. Kisha kukawa kimya, na mlango ukafunguliwa.

Libérata alisimama kizingitini na mkono wa Umurerwa ndani ya wake. Mkono wa pili ulipanda hadi shingoni, ukapapasa mahali ambapo mtandio ungekuwa, ukashuka. Wakatoka. Mshanana wake ulikuwa wa kijani. Nyuma yao Pulchérie aling'aa kama taa ya sherehe na kutembea kana kwamba mahema yalisimamishwa kwa ajili yake.

Mzee Nshuti ana mzaha mmoja anaousema kila posa, na watu wa Mahoko wanaujua kwa moyo. Aliuanza akiwa bado ameinamia kikombe chake.

"Sisi kwetu tunamtazama shangazi kwanza," alisema, "ili tujue tutakaa na sura gani miaka thelathini ijayo."

Kisha akainua macho, na akaona, na kila mtu aliona kwamba ameona. Hapakuwa na mahali pa kuyarudisha maneno yale. Kwenye viti vyetu Ildephonse alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Libérata alikuwa amesimama. Nilidhani atageuka arudi ndani, na nadhani hata yeye alilidhani hilo kwa kitambo.

Badala yake alisogea hatua mbele, akainua kidevu kwenye mwanga, akageuza shavu moja, akageuza la pili, bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mteja karoti pande zote.

"Mutazame vizuri basi," alisema. "Kesho musiseme hamukuonyeshwa."

Aliyeanza kucheka ni mzee Nshuti mwenyewe. Aliweka kikombe chini, akavua kofia, akainama mbele yake, akasema kwa sauti ya kusikika mahema yote mawili kwamba familia inayoonyesha bidhaa yake mchana hivi, ng'ombe waliokuja nao hawatoshi, itabidi waongeze. Vigelegele vilianzia kwa wanawake wa karoti na kuenea. Libérata alimfikisha Umurerwa mahali pake, akarudi kuketi, akaunyoosha mshanana wake magotini.

Barakoa ilikwenda na Umurerwa kwenye nyumba yake mpya, lakini kila Jumapili inarudi Mbugangari kwa basi dogo, ndani ya boksi lake, kwa zamu ya shangazi. Kikapu cha kuku waliokua chini ya ile balbu kilikwenda na Umurerwa pia.

Nami niliondoka muda mfupi baadaye, kwa njia ya Goma. Nilivuka asubuhi pamoja na Libérata, nikimbebea beseni la pili. Foleni ilikuwa ndefu na ziwa linatoa baridi yake. Alipofika mbele alivua kofia bila kuombwa na kutoa kitambulisho. Afisa alikuwa yuleyule kijana. Alitazama picha, akatazama uso wote, kwa mara ya kwanza bila kitambaa kuurudia upesi, akachelewa kidogo. Mzaha wa zamani ulikuwa hauna pa kukaa tena, akatafuta mwingine.

"Huyu wa kwenye picha ni nani?" akauliza.

"Ni mutu moja nilikuwaka namujua," Libérata alisema, akavaa kofia yake, na kuniambia niharakishe, karoti hazingojei.